Nani Atamwambia Bibi Yako Inuka

Kariakoo, Ijumaa, baada ya alasiri

Kwa mwanangu Mwanaidi,

Salaam alaykum warahmatullahi. U hali gani, mama? Utaona swali la ajabu, maana ninapoliandika nakusikia uani unacheka na akina Mama Rukia, na mchi haujanyamaza tangu adhuhuri. Lakini barua hii nitaitia chini ya nguo zako ndani ya sanduku, uikute ukiwa melini, na hali yako ya huko melini mimi siijui. Chakula kinakaa tumboni? Kichwa hakikuzunguki? Wenzako wa chumba wanaitikia salamu? Sisi huku, siku utakayoisoma, naomba iwe tu wazima. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi.

Habari za sweta, na nyama iliyochinjwa kihalali, na kutotembea ovyo gizani, shangazi zako wamekueleza mpaka umewakimbia. Sitayarudia. Nimejifungia karakanani, nimekalia mbao za kabati la watu, kwa sababu mbele ya uso wako maneno haya yatanikwama. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne, na mkono umezoea randa kuliko kalamu. Penye makosa pasome tu hivyo hivyo.

Nataka tuzungumze habari ya bibi yako.

Mtaani wananiuliza, "Fundi, binti anakwenda Ulaya kusomea nini?" Nawaambia anakwenda kusomea kuuguza wazee. Wanatazamana. "Wazee nao wana masomo?" Yule Sudi muuza mkaa, mdomo wake unaujua, akaniambia mbele ya watu, "Kumbe Wazungu wameishiwa wajukuu, wamekuja kuazima wako." Baraza zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Kisha nikaingia ndani, nikampita mama yangu kitandani kwake, na kicheko kile kikakatika. Kwa sababu Sudi alisema mzaha, lakini kwetu sisi ndivyo ilivyo hasa. Mjukuu anaondoka, na hapa nyumbani hakuna mwingine.

Bibi yako alipoanguka wewe ulikuwa bwenini, na marehemu mama yako alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nyumba hii alikuwa anaishika yeye. Alfajiri vitumbua vyake vilikuwa vinanukia mpaka mtaa wa pili, akimaliza anafagia uwanja, kisha anakwenda bombani na ndoo yake akitukana kila aliyemtangulia kwenye foleni. Siku hiyo aliteleza hapo hapo bombani, kwenye utelezi wa sabuni za watu. Hakuvunjika. Alilala kidogo, na alipotaka kuinuka mimi nilimzuia. Nikamwambia, "Mama, umehangaika na mimi tangu sijaota meno. Sasa zamu yangu. Wewe pumzika."

Ndivyo nilivyofanya. Fagio nikalitoa mikononi mwake. Chuma cha vitumbua nikampa Mama Rukia. Maji ya kunawa yakawa yanamfuata kitandani, chakula kinamfuata, hata uzi wa sindano alikuwa anatungiwa. Watu wakaanza kunisifu. Wakipita kwenda sokoni wanachungulia dirishani, wanamwona bibi kalala juu ya shuka nyeupe, kapakwa mafuta, kafungwa kilemba kizuri, wanasema, "Fundi Abdalla mama yake anamtunza kama yai." Nilizila sifa zile kama halua, mwanangu. Sikuona kwamba kila siku naye anapungua kidogo, kwanza kutoka uani mpaka varandani, kisha kutoka varandani mpaka kitandani.

Likaja suala la sala. Wajua mama yangu alivyokuwa. Alfajiri alikuwa anajikokota ukutani mpaka kwenye mkeka, na magoti yakilia anayazomea. Mimi nikaingiwa na huruma. Nikaenda kumwuliza mwalimu wetu msikitini, akanijibu kama vitabu vinavyosema, kwamba asiyeweza kusimama asali ameketi, asiyeweza kuketi asali amelala, hata kwa kuashiria. Nilirudi mbio kama niliyeokota dhahabu. "Mama, dini imekuruhusu. Sali ulivyolala. Mungu hana dhiki nawe." Akasema, "Nani kakuambia siwezi?" Nikamjibu, "Mama, usijitese." Tangu hapo akawa anasali kwa macho, na mkeka wake ukakunjwa, ukawekwa juu ya kabati. Mwalimu hakukosea. Aliulizwa habari ya asiyeweza, akajibu habari ya asiyeweza. Mimi ndiye niliyemtoa mama yangu katika wanaoweza nikampeleka kwa wasioweza, bila mwenyewe kuulizwa.

Halafu kitanda. Hiki wewe umekiona kila siku, lakini hukuwapo siku nilipokiingiza ndani. Kwenda chooni kulikuwa kumebaki ndiyo safari yake ya mwisho, anashikwa huku na huku. Mimi nikajiona nina akili ya ufundi. Nikachonga kitanda cha mninga, miguu nimeitia nakshi, kamba nimesuka mwenyewe, na katikati nikaacha tundu safi lenye kifuniko, ndoo inakaa chini. Nikawa nimemwepusha na aibu ya kubebwa uani mbele ya wapangaji. Tulipomlaza juu yake alipapasa kamba kwa mkono, akafika penye tundu, mkono ukasimama. Akasema taratibu, "Abdalla, baba. Hiki ni kitanda cha kuoshea maiti. Mbona umewahi?"

Nilicheka nikidhani ananitania. Mama na mwanawe hawataniani.

Sasa ukaja wewe. Umetoka hospitali na sare yako, umeanza kazi ya wadi, unarudi na mambo mapya. Ile jioni ya kwanza nilikukuta umemshika bibi yako kwapani unamketisha, naye anaguna. Nilikufokea, "Unamvuta bibi yako kama kondoo wa Idi?" Ukasema, "Baba, akiendelea kulala atakunjika." Nikakuambia hiyo ni elimu ya watu wasiokuwa na adabu kwa wazazi wao. Nimelikumbuka neno lile mara nyingi wiki hii. Ukamlaza, ukamfunika. Hukunijibu, na ningependa ungenijibu.

Kisha ukamleta yule bibi daktari wako wa Kizungu. Alikaa kwenye kigoda changu kama mtu wa nyumbani, akamshika bibi miguu, akaikunja na kuikunjua, mmoja ukaja, mwingine ukakataa. Akauliza kitu, ukanitafsiria: "Anauliza nani alimwambia alale." Mimi nikajibu kwa fahari, "Mimi. Nimempumzisha." Akasema neno, na wewe ukaangalia chini. Nikakuambia, tafsiri. Ukasema, "Baba, si kitu." Nikakukazia: tafsiri kama lilivyo. Ndipo ukasema, kwa sauti ya kuomba radhi, kwamba amesema hakuna ugonjwa uliomlaza huyu mama, ugonjwa aliupata kitandani. Na kwamba goti la kulia halitanyooka tena maisha. Lililobaki ni kumketisha kila siku, asubuhi na jioni, atake asitake, mgongo usije ukaota vidonda. Vidonda vikiingia, basi.

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniuliza nilitumia mbao gani, akapitisha kidole kwenye nakshi, akasema kazi nzuri.

Tangu siku ile ukaanza kumketisha, na mimi nikawa nasimama nyuma ya pazia nasikiliza. Sikuwahi kukuambia. Nilikuwa nangoja nisikie elimu ya hospitali, nikasikia mambo ya ajabu.

"Mke mwenzangu, inuka. Babu akikujia ndotoni akukute unanuka usingizi? Atanichagua mimi."

"Wewe? Na miguu hiyo ya korongo? Babu yako alikuwa anapenda mwanamke mwenye kishindo."

"Kishindo gani, wewe unabebwa kama mzigo wa kuni? Simama tukione."

"Nikisimama nitakuchapa, mwanaharamu mkubwa."

"Nichape basi. Njoo. Huwezi."

Na mama yangu akashika ule ukamba uliomfungia miguuni pa kitanda, akajivuta, akaketi, anahema na kucheka, na mkono umenyanyuliwa kweli kukuchapa. Ukamsogeza mpaka kwenye kiti cha mlangoni. Akaona mtaa. Akamwona Sudi na mkaa wake, akamwambia bado hajaoga tangu vita vya Mjerumani. Mimi nyuma ya pazia nilifuta macho kwa kanzu.

Nikaelewa pia habari niliyoletewa na yule dobi wa hospitali, kwamba wadini kuna mzee wa Kinyamwezi alikuwa amegeukia ukuta hataki kula wala kuinuka, waganga wamemshindwa. Wewe ukapita ukasikia asili yake, ukamsimamia kichwani: "Mnyamwezi wewe, babu zako wamebeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani kwetu, wewe leo unashindwa kujibeba mpaka chooni?" Wadi nzima ikashtuka. Mzee akageuka. "Mzaramo gani huyo ananitukana?" Akatafuta fimbo yake, akateremka kitandani kuja kukupiga. Na dobi anasema bibi daktari alikuuliza sana siku ile, akaandika, maana alikuwa anadhani umemwonea mgonjwa, hakujua kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani hakasirikiwi. Nadhani siku hiyo ndiyo aliyoamua kukuandikia kwa mwenzake huko Ulaya, kwenye hospitali hiyo wanakochunguza wazee na kufundisha wauguzi habari zao. Kwa hiyo ulimi wako ndio uliokukatia tikiti, na ulimi huo huo ndio unaotutoka kesho.

Nisikilize hapa, maana hili ndilo linaloninyima usingizi. Juzi ulipokwenda Posta kwa habari ya pasipoti nilijaribu. Nilisema, Abdalla, wewe ni mwanamume mzima, umesikia nyuma ya pazia jinsi inavyofanywa, fanya. Niliingia, nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, naomba uinuke kidogo."

"Leo mgongo unaniuma. Niache."

Nikasimama pale. Nilikuwa na maneno yako yote kichwani, ya miguu ya korongo na ya usingizi. Nimwambie nani? Huyu ni mama yangu, nimetoka tumboni mwake. Nikasema tena, "Mama, daktari alisema." Akasema, "Nimekwambia niache, Abdalla." Alipotaja jina langu nilitoka kinyumenyume kama mtoto. Ulirudi ukamkuta amelala, ukaniuliza kama aliketi asubuhi, nikakujibu aliketi kidogo. Hakuketi.

Mama Rukia amekubali kumwogesha na kumlisha, Mungu amlipe, lakini naye anamwogopa. Akiambiwa "sitaki" anajibu "haya, bibi," anaondoka. Shangazi zako ni watoto wake kama mimi. Watakuja Ijumaa na ndizi na kulia. Kila mmoja katika nyumba hii anampenda, na kwa mapenzi hayo hayo atamwacha alale. Wajukuu wengine hana. Nimelizungusha jambo hili kila upande kama ubao uliopinda, sijaona pa kuanzia.

Usidhani sikufikiri kukuzuia. Nilifikiri. Nilikwenda nikamwambia mama yangu kwamba nitakataa, binti abaki. Alikuwa kwenye kiti mlangoni. Akaniambia, "Usimfunge mtoto kwenye mguu wangu. Mguu wenyewe umeshakufa." Nikasema, "Nani atakuinua?" Akatazama barabarani. Akasema, "Nimekaa mlangoni nimeona watu. Nilikuwa sidhani nitawaona tena. Inatosha." Amenisamehe kila kitu kwa sauti ile, na kusamehewa hakukunipa raha, maana nilisikia kwamba amekwisha kuaga.

Basi huko uendako. Utawakuta wazee wao wamelala kwa safu, labda wamechanwa nywele vizuri na shuka zimenyooshwa. Ukimwona mzee ametulia sana na watu wa kwao wanasifiwa, mwulize kwanza yeye mwenyewe anachokiweza. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na mapenzi na nikakosa swali dogo kama hilo.

Utani wako huko hautafaa. Hakuna Mnyamwezi, hakuna mke mwenza, na mzee wa Kizungu ukimwambia mvivu pengine atakuambia neno la rangi yako ambalo hujapata kuambiwa hapa usoni. Likikupata, maliza kumfunika kwanza, kisha nenda ukalie mbali naye. Sijui mlango wa wazee wale uko wapi. Wewe utautafuta, kila mmoja na wa kwake. Na walimu wakikuuliza ya kwenu, usinifiche kwa kunionea haya. Kitaje kitanda changu darasani, na tundu lake, na nakshi zake. Waambie kimechongwa na mwana anayempenda mama yake. Wakitaka kukiandika vitabuni mwao waandike.

Ukirudi, sijui utarudi kufanya nini. Bibi daktari alinieleza wazi siku ya kuaga, hospitali yetu haina wadi ya wazee na haifikirii kuijenga. Kuna watoto, kuna kifua kikuu, kuna wajawazito, mzee akija anawekwa penye nafasi mpaka nafasi itakiwe. Pengine utarudi na elimu yako yote wakuweke kufunga vidole vya wachukuzi wa gati. Vijana wanaopita wakienda mikutanoni Mnazi Mmoja wanasema nchi itakapokuwa yetu kila kitu kitabadilika. Inshallah. Lakini sijasikia hata mmoja wao akitaja wazee.

Na utanikuta mimi. Magoti yangu nayo yameanza; nikipiga randa jioni naingia ndani nimeshika ukuta. Siku nitakapolala sitakuwa na mjukuu wa kunitukana, na wewe ni binti yangu, mdomo utakufunga kama ulivyonifunga mimi. Sikuandikii haya kukutisha. Sina mwingine wa kumwambia, mama yako hayupo, na msikitini nikianza habari hizi wananiambia nisubiri. Nasubiri. Nasali kila sala kwa ajili yake na bado kila asubuhi namkuta kalalia ubavu ule ule. Simlaumu Mungu. Nasema tu nilivyoona.

Ikija habari mbaya, usirudi. Kwetu mtu anazikwa siku ile ile, na mpaka waraka ukufikie huko udongo utakuwa umeshakauka. Soma Fatiha hapo ulipo, kisha uende ukaamshe wazee wa watu.

Nina ombi moja, nalo ni dogo. Ukishuka tu melini, kabla hujazoea baridi, niandikie. Kwangu andika mistari miwili kwamba umefika. Ukurasa unaobaki uwe wa bibi yako, wa mambo yenu yale, na usiutie adabu hata kidogo kwa kuwa utapita mkononi mwangu. Mwite majina yote. Mwambie ananuka usingizi, mwambie babu kakuchagua wewe, mwambie ainuke akuchape. Nitausoma kwa sauti kando ya kitanda neno kwa neno, na akikasirika nitasema, mama, si mimi, huyu ni Mwanaidi. Labda mdomo wangu utaweza kubeba maneno yako, maana ya kwangu umeshindwa.

Nakwambia kweli, sidhani kama ataketi kwa maneno ya karatasi. Hata sijui kama barua yako itamkuta. Lakini asubuhi zinazokuja baada ya kesho nitahitaji kitu cha kushika nikiingia chumbani mle, nami sina kingine.

Kwa hiyo jibu upesi, mama. Usingoje upate nafasi. Jibu upesi.

Ni mimi baba yako,
Abdalla